Sekunde Hupotea Kabla ya Kuonekana

Anayeendesha mbio za magari kwenye kompyuta hufika mahali akakwama. Miezi ya mwanzo muda wake wa mzunguko hushuka kwa sekunde nzima nzima, kisha kwa nusu sekunde, halafu ghafla namba inagoma. Anazunguka uwanja uleule jioni baada ya jioni na saa inampa jibu lilelile. Hapo ushauri humiminika: nunua usukani wenye nguvu zaidi, badilisha springi, chelewesha breki, zunguka tu mpaka uzoee. Hoja yangu ni kwamba sehemu kubwa ya ushauri huo inatibu dalili. Muda hupotea mahali fulani uwanjani ukaja kuonekana mahali pengine, mara nyingi mita mia kadhaa mbele, na dereva anayekwenda kurekebisha pale ulipoonekana anahangaika na mahali pasipo na kosa. Kazi ya data ni kuturudisha nyuma kutoka kwenye tokeo hadi kwenye chanzo. Na chanzo hicho, kwa madereva wengi wa kiwango cha kati, kimo kwenye mguu wa breki, hasa katika namna unavyoondoka kwenye pedali.

Tuchukue uwanja mmoja na tukae nao. Assetto Corsa Competizione, programu ya Kunos Simulazioni ya Italia iliyotoka rasmi mwaka 2019, ina magari ya daraja la GT3 na viwanja vilivyopimwa kwa leza. Monza ni kimojawapo: kilomita 5.793, kona 11, sehemu ndefu zilizonyooka, na dereva mwepesi humaliza mzunguko kwa takriban dakika 1 na sekunde 47 au 48. Kona ya kwanza, Variante del Rettifilo, inapinda kulia kisha kushoto papo hapo. Gari linafika likiwa na mwendo wa zaidi ya kilomita 250 kwa saa na linatakiwa kushuka hadi chini ya 80. Likishatoka hapo linaingia Curva Grande, ambayo kwa gari la GT3 hupitwa mafuta yakiwa yamekanyagwa hadi chini, kwa hiyo kutoka Rettifilo mpaka breki za kona inayofuata, Variante della Roggia, kuna kama kilomita moja ya kuongeza mwendo tu. Ni uwanja unaoadhibu kosa dogo kwa riba kubwa, na ndiyo sababu unafaa kwa uchunguzi.

Hesabu yenyewe ni ya darasani. Kilomita 80 kwa saa ni mita 22.2 kwa sekunde. Kilomita 250 ni mita 69.4. Dereva akishika breki mita 10 mapema kuliko inavyohitajika, kwa nguvu ileile na akiishia kwenye mwendo uleule wa chini, atafikia mwendo huo mita 10 kabla ya wakati. Mita hizo zitamchukua sekunde 0.45, ilhali mita 10 za mwendo wa juu alizozikatisha zingemchukua sekunde 0.14 tu. Amepoteza kama sekunde 0.3. Sasa mtazame mwingine anayekanyaga mafuta mita 10 baada ya pale gari lilipokuwa tayari kuyapokea. Naye amebeba mita 10 za ziada kwa mwendo wa chini, na kule mbele, kabla ya Roggia, atakosa mita 10 za mwendo wa kilomita 240. Hasara yake ni ileile, karibu sekunde 0.3. Kinacholipiwa, basi, ni mita zinazoburutwa gari likiwa kwenye mwendo wake wa chini kabisa, ziwe zimetoka upande wa breki au upande wa mafuta.

Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini kona za taratibu zinastahili muda mwingi wa mazoezi kuliko zile za kutisha. Kipande cha mita 60 ukikipita kwa kilomita 60 kwa saa kinakuchukua sekunde 3.6, ukiongeza mwendo wa kilomita 2 tu unaokoa karibu sekunde 0.12. Kipande cha urefu huohuo kwa kilomita 180, ukiongeza kilomita 2 zilezile, unaokoa sekunde 0.013. Tofauti ni kama mara tisa, na hatari ya kuliparamia ukuta iko kwenye kile kinacholipa kidogo. Hata hivyo wengi hutumia jioni nzima wakijaribu kupita Curva Grande bila kutetereka, kwa sababu huko ndiko moyo unakodunda.

Turudi Rettifilo na kuangalia grafu. Assetto Corsa Competizione inahifadhi rekodi za mzunguko katika muundo unaosomwa na MoTeC i2, programu ya kampuni ya Australia inayotumiwa pia na timu za mbio halisi. Unaweka mizunguko miwili juu ya kioo kimoja, mmoja wa haraka na mmoja wa kawaida, na chini yake mstari unaoonyesha tofauti ya muda ikikua au ikipungua mita kwa mita. Jambo linaloonekana mara nyingi ni hili. Katika mzunguko wa polepole dereva amechelewesha breki kwa mita 5. Mstari wa tofauti unamsifu papo hapo: amepata kama sekunde 0.15. Lakini breki yake inabaki juu kwa muda mrefu, kisha inaporomoka wima kama mtu aliyeinua mguu kwa kushtuka. Pale inapoporomoka, mstari wa usukani unaendelea kupanda, maana pua ya gari imekataa kuingia kulia na yeye anazidi kukunja. Gari linapita nje ya ukingo wa kona ya kulia, kwa hiyo linaifikia ile ya kushoto kwa pembe mbaya. Mstari wa mafuta, ambao katika mzunguko wa haraka unapanda kwa mteremko mmoja safi, huku unapanda kwa ngazi: anagusa, anaachia, anagusa tena, na mfumo unaozuia tairi za nyuma kuzunguka bure unaingilia kati. Mafuta kamili yamechelewa kwa mita 10 au zaidi. Zile sekunde 0.15 zimekwisha kuliwa kabla hajatoka konani, na hasara inaendelea kukua hadi kwenye breki za Roggia.

Dereva huyu, akiulizwa, atasema gari lake halina kasi kwenye sehemu iliyonyooka. Hadanganyi, ndivyo anavyoona kwa macho, kwani gari la mbele linazidi kumwacha kuelekea Roggia. Atapunguza bawa la nyuma ili apate kasi zaidi, na kwa kufanya hivyo ataondoa mgandamizo aliouhitaji wakati wa kushika breki, kisha ataanza kuchomoka mkia kwenye kona za Ascari, mbele zaidi uwanjani. Kosa moja la mguu limezaa marekebisho ya gari na malalamiko mapya. Ndiyo maana nasisitiza mwelekeo wa kusoma: ukishaona hasara kwenye mnyooko, rudi kwenye mafuta, ukiona mafuta yamechelewa, rudi kwenye usukani, ukiona usukani umekunjwa kupita kiasi, rudi kwenye breki, ukifika kwenye breki, tazama ilivyoachiwa kabla ya kutazama ilivyoshikwa.

Kwa nini kuachia ndiko kwenye uzito? Tairi ina kiasi fulani cha mshiko, na kiasi hicho kinagawanywa kati ya kupunguza mwendo, kupinda na kuongeza mwendo. Ni kama fedha ya matumizi ya siku: iliyokwisha kulipia nauli hainunui unga. Ukikanyaga breki kwa nguvu zote huku gari limenyooka, matumizi yote yamekwenda kwenye kupunguza mwendo. Unapoanza kukunja usukani lazima breki ipungue kwa kadiri ileile usukani unavyoongezeka. Ukiiachia polepole mno, tairi za mbele zinadaiwa zaidi ya zilichonacho na gari linakwenda moja kwa moja. Ukiiachia ghafla, uzito uliokuwa umelalia tairi za mbele unarudi nyuma, pua inainuka, na zilezile tairi ulizozitegemea kupinda zinapoteza mshiko wakati unapozihitaji zaidi. Katikati ya makosa hayo mawili kuna kuachia kwa mteremko laini, breki ikimalizikia karibu na ukingo wa ndani wa kona, na gari likigeuka lenyewe kwa sababu mbele kuzito na nyuma kwepesi. Magari hayalingani katika hili: Porsche 911 GT3 R, yenye injini nyuma, hujibu mguu wa breki kwa namna tofauti kabisa na BMW M4 GT3 yenye injini mbele. Kanuni, hata hivyo, ni ileile. Na mifumo ya ABS ya magari ya GT3 imewaharibu wengi hapa, kwa kuwa inamruhusu mtu kukanyaga hovyo bila tairi kufunga, hivyo mguu haujifunzi chochote kuhusu kuondoka.

Kuna chanzo kilicho nyuma zaidi hata ya mguu, nacho hakionekani kwenye grafu yoyote. Mwaka 2001 watafiti Michael Land na Benjamin Tatler walichapisha uchunguzi walioufanya kwa dereva Tomas Scheckter kwenye uwanja wa Mallory Park, Uingereza, wakirekodi macho na kichwa chake akiendesha kwa kasi. Waligundua kwamba kichwa chake kiligeuka kulingana na mzunguko ambao gari lingeufanya takriban sekunde moja baadaye. Yaani mwili ulikuwa umekwisha kuingia kona kabla ya gari. Kwa mwendo wa kilomita 250 sekunde moja ni karibu mita 70, na hata kwa kilomita 80 ni zaidi ya mita 22. Mtu anayekodolea macho kibao cha kando ya uwanja kinachoashiria breki mpaka akifike, kisha ndipo aitafute kona, amekwisha kuchelewa. Mguu unashtuka kwa sababu jicho limeshtuka. Kwenye kompyuta tatizo ni kubwa zaidi, kwani kioo kimoja kinakata pembe ya kutazama na ukingo wa ndani wa kona ya taratibu hupotea nje ya fremu. Kupanga vizuri upana wa mtazamo na kusogeza kioo karibu na usukani ni marekebisho yasiyo na gharama, na yana haki ya kutangulia marekebisho ya springi.

Sasa, kuhusu matumizi ya data yenyewe, naona makosa mawili makubwa. La kwanza ni kulinganisha kwa muda badala ya umbali. Ukiweka mizunguko miwili kwa kufuata saa, gari moja likiwa nyuma kwa sekunde moja basi kila mstari baada ya hapo unaonyesha mahali tofauti uwanjani, na unajikuta ukilinganisha breki ya mmoja na mafuta ya mwingine. Mhimili wa chini uwe mita. La pili ni kukimbilia mzunguko wa bingwa. Mzunguko wa dereva bora duniani ni kitu kizuri kukitazama, lakini umbali kati yake na dereva wa kati ni mkubwa kiasi kwamba mistari yote inatofautiana na hujui uanzie wapi. Tena huenda alikuwa na lami ya joto tofauti, tairi mpya na mafuta kidogo: lita 60 za petroli zina uzito wa kama kilo 45, na kilo 45 huonekana kwenye saa. Kinacholeta faida mapema zaidi ni kujilinganisha na nafsi yako. Chukua mizunguko 15 ya mfululizo, tafuta kona moja ambayo uliipita vizuri mara tatu na vibaya mara kumi na mbili, uone ulifanya nini mara zile tatu. Uwezo huo tayari unao. Data inakuonyesha tu ulipoutumia bila kujua.

Hapo ndipo pia ulipo mtego wa ule muda wa kubuni ambao programu nyingi hukokotoa kwa kujumlisha vipande bora vya mizunguko mbalimbali. Namba hiyo inatia moyo, lakini inadanganya kwa sababu tuliyokwisha kuiona: kipande bora kinachoishia katikati ya breki huenda kilipatikana kwa kuchelewesha breki hiyo, na gharama ikaandikwa kwenye kipande kinachofuata. Huwezi kuchukua faida ya jirani mmoja na kumwachia mwingine deni. Ni afadhali kutazama mizunguko mizima, na zaidi ya hapo kutazama kutawanyika kwake. Dereva ambaye sehemu yake ya kushika breki inacheza ndani ya mita 15 hawezi kujifunza kutokana na jaribio lolote la mita 5, kwani jaribio linamezwa na kuyumba kwake. Programu ya iRacing, kwa mfano, hurekodi telemetria, yaani data ya gari, mara 60 kwa sekunde, maana yake kwa kilomita 250 kuna alama moja kila baada ya mita 1.2 hivi. Chombo kina usahihi wa kutosha. Kinachosubiriwa ni mguu unaorudia jambo lilelile.

Pingamizi la kwanza ninalolitarajia ni la vifaa. Ni kweli kwamba pedali inayopima nguvu ya mguu, badala ya umbali iliosafiri, humsaidia mtu kurudia breki ileile, kwa sababu misuli hukumbuka nguvu vizuri kuliko inavyokumbuka nafasi. Sikatai, na mwenye uwezo aanze na pedali kabla ya usukani. Lakini kifaa hicho kinaongeza usahihi wa kutekeleza nia. Hakibadilishi nia yenyewe. Aliyezoea kuinua mguu kwa mshtuko atainua kwa mshtuko kwenye pedali ya bei mbaya, na grafu itaporomoka wima vilevile. Marekebisho ya gari nayo yana nafasi yake, tena kubwa, ila baada ya mizunguko kutulia. Kubadilisha bawa na shinikizo la tairi huku mizunguko yako ikitofautiana kwa sekunde nzima ni kupima jambo ambalo huwezi kuliona.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba madereva wa haraka huendesha kwa hisia, na kwamba anayesoma grafu atageuka karani wa namba. Wapo kweli madereva wepesi ambao hawajawahi kufungua faili hata moja. Ila tazama wanachokihisi: mgongo unapata ishara ya mkia kulegea, mikono inapata ishara ya pua kukataa. Kwenye kompyuta mgongo haupati kitu, isipokuwa kwa wachache wenye viti vinavyosogea. Kilichobaki ni usukani, sauti ya tairi na picha. Sehemu kubwa ya ishara imekatwa, na data inarudisha kiasi chake, ingawa kwa kuchelewa. Wala kuunganisha hesabu na uendeshaji si jambo la vijana wa kompyuta. Piero Taruffi, mhandisi wa Italia aliyeshinda mbio za Mille Miglia mwaka 1957, aliandika kitabu cha ufundi wa mbio akizichambua njia za kupita kona kwa hesabu, na hakuna anayemwita karani. Ninakubali sehemu moja ya pingamizi hili: data isisomwe katikati ya kuendesha. Ile namba ya tofauti inayobadilika juu ya kioo wakati wa mzunguko huwafanya watu walazimishe kona inayofuata ili wafidie iliyopita. Ifiche. Endesha kwa hisia, kisha kaa chini usome.

Wengine watauliza kama juhudi yote hii ina thamani, ikiwa ni mchezo tu. Jibu limekwisha kutolewa barabarani. Lucas Ordóñez wa Hispania alishinda mashindano ya kwanza ya GT Academy, yaliyoandaliwa na Nissan na Sony kwa kutumia mchezo wa Gran Turismo mwaka 2008, na mwaka 2011 alikuwa kwenye jukwaa la daraja la LMP2 katika mbio za Le Mans. Jann Mardenborough wa Uingereza, mshindi wa mwaka 2011, alipewa nafasi ya tatu ya daraja hilohilo huko Le Mans mwaka 2013. Woga wa ukuta halisi na uchovu wa shingo walijifunza baadaye, ndani ya gari. Mpangilio wa breki, usukani na mafuta walikuwa wamekwisha kuujenga. Ustadi huo ungekuwa wa uongo, Le Mans ingewafichua saa ya kwanza.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura kuna faida moja ambayo haitajwi vya kutosha. Kushindana moja kwa moja na watu walio mbali na hapa kunategemea mtandao, na mtandao ukisuasua magari ya wenzako hurukaruka kiasi kwamba mbio hazina maana. Uchunguzi wa aina niliyoieleza hauhitaji mtandao ukishapakua programu. Faili inahifadhiwa kwenye kompyuta yako, MoTeC i2 inapakuliwa bure mara moja, na hata usukani wa bei nafuu wenye pedali za kawaida unatoa mstari wa breki unaosomeka. Chagua kona moja ya taratibu. Jaza mafuta kiasi kilekile kila siku, zunguka mara 15, na kwa makusudi shika breki mita 5 mapema kuliko ulivyozoea ili mguu upate nafasi ya kuachia kwa mteremko. Kisha fungua grafu uangalie namba moja tu, yaani mita ambapo mafuta yalianza kukanyagwa bila kuachiwa tena. Namba hiyo ikisogea kuja upande wa kona na kubaki hapo mzunguko baada ya mzunguko, ndipo uanze kuirudisha breki mbele, mita moja moja.